Mgeni wa Miezi Saba

 

Leo nataka tutazame juu kidogo. Kama wewe ni mkaaji wa Ruiru, Juja au Thika, ukimaliza chai yako toka nje ukaangalie nyaya za stima. Huu ni mwezi wa Machi, na juma hili utawaona wamejipanga kwa makumi, pengine kwa mamia, vichwa vyao vikielekea kule upepo unakotoka. Ni ndege mdogo, mgongo wake ni wa buluu iliyokolea hata inakaribia weusi, tumbo jeupe, kipaji cha uso na koo vya rangi ya matofali, na mkia uliogawanyika ukaacha ncha mbili ndefu nyembamba. Huyo ndiye mbayuwayu. Uzito wake ni gramu 20 hivi, yaani kama vijiko vinne au vitano vya sukari unayotia chaini.

Nasema huyo ndiye, maana watu wengi humpa jina hilo kila ndege mwenye mbio za namna ile. Yule mweusi mwenye kiuno cheupe, apigaye kelele jioni akizunguka majumba marefu ya Thika, ni mwingine kabisa. Miguu yake haikuumbwa kushika waya, wala hutamwona ametua juu yake. Na wale wajengao viota vya udongo chini ya varanda za makanisa yetu, vyenye mlango mfano wa shingo ya chupa, hao ni jamaa yake wa karibu, lakini ni wenyeji. Akina mama wa kanisa letu hulalamika juu yao kila panapokuwa na arusi, kwa sababu mnazozijua. Huyu wa kwenye waya msimlaumu. Yeye ni mgeni, hajengi kwetu. Katika miezi yote anayokaa hapa hutamwona amebeba hata tonge moja la udongo.

Neno hilo, mgeni, ndilo lililonitia aibu, nami nitawaeleza jinsi ilivyokuwa.

Miaka michache iliyopita, Jumapili moja ya Kwaresima, nilihubiri juu ya maisha ya msafiri. Nikitafuta mfano, nikamwona mbayuwayu dirishani, nikamtumia. Nikawaambia watu: Mtazameni yule. Hapa anapita tu. Hana kiota hapa, hana watoto hapa, kwao ni Ulaya. Na sisi vivyo hivyo tu wapitaji, tusijishikize na mambo ya hapa. Nilipendezwa na mahubiri yangu. Sijui kama wachungaji wengine hukiri jambo hili, lakini kuna Jumapili mtu hushuka mimbarini akiwa amependezwa.

Mlangoni, watu wakiisha kunisalimu, akabaki mzee mmoja, mlinzi wetu wa usiku. Mzee huyu alitoka upande wa Busia akiwa kijana akaja kufanya kazi katika shamba la kahawa nje ya mji wa Ruiru. Alichuma, akapogoa, akapiga dawa, mwisho akawa nyapara. Zaidi ya miaka 40 alikaa kambini mwa shamba hilo. Lilipouzwa likakatwa ploti, watu wa kambini waliambiwa watafute pa kwenda, naye akaja kwetu kuomba kazi ya ulinzi na chumba kilicho nyuma ya ukumbi.

"Mchungaji," akaniambia, "leo umemkosea yule ndege."

"Nimemkosea nini, mzee?"

"Umesema anapita. Anapita kwa miezi mingapi?"

Akainua mkono akaanza kuhesabu. Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari, Machi. "Saba hiyo. Wengine wachelewao wanaingia Aprili. Na huko unakosema ni kwake, anakaa mingapi?"

Nikanyamaza. Akaendelea. "Tena nikuulize. Mtu apitaye njia, huvua nguo zote akashona nyingine mpya pale pale njiani?"

Nilidhani ni fumbo. Wazee wa upande wake ni hodari kwa mafumbo. Kumbe alikuwa akisema jambo alilolishuhudia kwa macho. Alieleza kwamba katika miaka yake ya kupiga dawa kahawa, ndege hawa walikuwa wakimfuata kati ya mistari, maana wadudu huruka mtu anapoitikisa mibuni. Basi alikuwa akiwaona karibu sana. Wakifika Septemba, akasema, huwa wamechakaa, rangi imepauka na mikia mingine imekatika. Ikifika karibu na Krismasi utaona bawa lina pengo, kama ua wa miti uliong'olewa nguzo mbili tatu. Na ikifika Machi wanang'aa kama viatu vya askari, na mikia imerefuka. "Hiyo nguo," akasema, "ameishona hapa."

Nilikwenda nikasoma, nikakuta mzee ana haki. Ndege wengi hubadili manyoya yao mahali pale pale wanapozalia, watoto wakiisha kukua. Mbayuwayu hafanyi hivyo. Manyoya makubwa ya mabawa na mkia, yale yanayombeba angani, huyabadili akiisha kufika Afrika. Tena huyabadili polepole, moja likianguka lingine linaota, kwa muda wa miezi, kwa sababu yeye hawezi kukaa chini kungoja. Chakula chake chote hukikamata akiruka: nzi, mbu, visubi, mende wadogo warukao. Hata maji hunywa akiruka, akipita chini juu ya bwawa na kuchota kwa mdomo. Akikosa mabawa siku moja, siku hiyo hali. Basi mfikirie ndege anayetoka hapa Machi. Manyoya atakayorukia kuvuka Sudan na jangwa, manyoya atakayomwonyesha nayo mwenzi wake kule, yote yameota kutokana na wadudu wa huku kwetu. Na zile mvua za Novemba zinapowatoa kumbikumbi ardhini, nanyi mnajua jinsi watoto wetu wanavyokimbilia na mabakuli, kumbikumbi wengine wanakwenda Urusi wakiwa wamekuwa bawa la mbayuwayu.

Kule waendako wana kazi nyingine. Hujenga kikombe cha udongo chini ya boriti za mazizi na maghala, tonge kwa tonge, matonge mamia mengi, pengine yakazidi elfu moja, wakichanganya na majani makavu kama vile mafundi wetu wa nyumba za udongo. Jike hutaga mayai manne au matano. Kwa majuma mawili hivi huyaatamia, na majuma mengine matatu makinda huwa tayari kuruka. Kisha huanza tena uzao wa pili kabla baridi haijaja. Aliyenusurika hurudi mwaka unaofuata katika zizi lile lile, na mara nyingi hukitengeneza kiota kile kile cha zamani. Nasema aliyenusurika, kwa kuwa wengi wao hawamalizi mwaka wao wa kwanza. Kati ya Moscow na Ruiru ni zaidi ya kilomita 6,000, na katikati pana jangwa lisilo na mdudu wala maji.

Siku hizi karibu viota vyao vyote huwa katika majengo ya watu. Ndiyo maana mtunga Zaburi ya 84, akiwa mbali na hekalu, alimwonea wivu ndege huyu aliyepata mahali pa kuweka makinda karibu na madhabahu. Mpaka leo mbayuwayu wa jamii hii hujenga katika nchi ile ya Biblia. Yeremia naye, katika sura ya nane, amewataja ndege wanaojua majira yao ya kuja. Tulipokuwa chuoni tulibishana sana ni ndege gani hasa, maana neno la Kiebrania lenyewe lina utata, na mwalimu wetu alituacha tubishane hata kengele ikalia.

Lakini kuna jambo ambalo Yeremia hakuulizwa, nalo liliwatatiza wenye elimu wa Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Ndege hawa wakitoweka, huenda wapi? Aristotle Myunani aliandika kwamba wengine hujificha mashimoni bila manyoya. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uswidi, aliandika kwamba wavuvi huko kaskazini huwavua mbayuwayu kwa nyavu kutoka chini ya maji, wameshikamana kama fungu. Na hata mtu wa kanisa letu la Anglikana, kasisi Gilbert White wa kijiji cha Selborne, Uingereza, mtu aliyewatazama ndege kwa uangalifu kuliko wengi wa wakati wake, ambaye kitabu chake kilitoka 1789, hakuweza kuliacha wazo kwamba baadhi yao wanalala mafichoni wakati wa baridi.

Tusiwacheke. Wao waliona nusu. Walimwona akija Aprili, wakamwona akiondoka Septemba, na katikati pakawa na giza. Huku kwetu mtoto yeyote mchunga mbuzi angaliweza kuwaambia aliko Desemba. Lakini mtoto huyo naye, ungalimwuliza ndege huyu amezaliwa wapi, asingalikuwa na la kusema. Nusu moja ya habari ilikuwa Selborne, na nusu nyingine ilikuwa malishoni Afrika, wala hapakuwa na wa kuziunganisha.

Ziliunganishwa na kipande kidogo cha chuma. Mwezi wa Mei mwaka 1911, wakili mmoja jina lake John Masefield, wa mji wa Cheadle katika Uingereza, alimkamata mbayuwayu aliyekuwa akizalia barazani mwa nyumba yake, akamvisha mguuni pete yenye namba na anwani, akamwachilia. Desemba 1912, siku mbili kabla ya Krismasi, ndege huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini, na mwenye kuiona pete akaandika barua London. Kilomita zipatazo 10,000. Barua moja ikafuta mabishano ya karne nyingi. Hapa Kenya nako kazi ya pete imefanyika: tangu 1969 watu wamekuwa wakikusanyika Ngulia, katika Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu, kuwakamata kwa nyavu ndege wa safari wavutwao na taa za hoteli, kuwavisha pete na kuwaachilia.

Sasa tunajua mengi. Wa Uingereza hupita na kwenda mpaka kusini kabisa. Wanaokuja Afrika ya Mashariki wengi ni wa Ulaya ya mashariki, Urusi na nchi za jirani nazo. Nao hawako peke yao, kwani hakuna mbayuwayu mwingine aliyeenea duniani kama huyu. Wako wa Asia washukao hadi kusini ya bara hilo. Wako wa Amerika, tumbo lao la rangi ya chungwa kuliko wetu, wanaozalia tangu Alaska mpaka Mexico, kisha huenda Amerika ya Kusini. Na sikilizeni jambo hili la hao wa Amerika. Mwaka 1980 huko Argentina, mahali ambapo siku zote walikuwa wageni wa kupita majira, walionekana baadhi yao wamejenga viota chini ya madaraja na kuzaa. Wameendelea hivyo hata leo, na idadi yao imeongezeka. Mgeni aliamua kukaa. Nilipomsomea mzee habari hiyo alicheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Umeona?"

Naam, niliona. Na yale niliyoyaona hayakuwa ya ndege peke yake.

Wasikilizaji wangu wa Thika na Ruiru, ninyi mnajua jinsi tulivyo. Miji yetu imejazwa na watu waliokuja kufanya kazi: mashamba ya kahawa, mananasi ya Thika, viwanda vya nguo, vya mafuta na vya ngozi. Ukimwuliza mtu aliyekaa hapa miaka 30, "Kwenu ni wapi?" atakutajia Murang'a, Machakos, Vihiga, Siaya. Desemba tunafunga milango tunakwenda. Nami pia hufanya hivyo. Lakini mzee wetu alipoacha kazi shambani, alikuwa ametuma fedha nyumbani miaka 20, na ndugu zake wakawa wamekwisha kugawana shamba la baba bila kumkatia hata ukingo. Akienda huko Krismasi, watoto huambiwa, "Msalimieni mgeni wa Ruiru." Akirudi huku, sisi twamwita mtu wa Busia.

Sasa nitakiri. Mwaka ule wa mahubiri yangu, halmashauri ya kanisa ilikuwa imepitisha kwamba mzee amechoka, kazi ya usiku imemshinda, basi apewe shukrani na nauli, aende kwao akapumzike. Niliitia sahihi. Nilidhani ni tendo la upendo. Yeye aliijua habari hiyo siku alipobaki mlangoni kuniuliza juu ya mbayuwayu, lakini hakuitaja hata kwa neno moja. Alinihesabia miezi tu.

Niliirudisha habari kwenye halmashauri, nikawaambia kwamba mimi ndimi niliyekosa. Haikuwa rahisi. Ndugu mmoja aliuliza, kwa haki, kama kila mtu aliyefukuzwa kambini atapewa chumba cha kanisa. Sikuwa na jibu la swali hilo, na mpaka leo sinalo. Tulikubaliana juu ya huyu mmoja: chumba ni chake, ulinzi amepewa kijana, naye hufungua geti mchana. Lililobaki ni zito zaidi. Ameuliza, siku yake ikifika, atalazwa wapi. Wengine husema mtu hulazwa kwao, na gari litachangwa. Yeye asema hapana mtu huko atakayejua kaburi ni la nani. Tutakaa tena baada ya Pasaka.

Naye ndege anazidi kupungukiwa na mahali. Ukitoka Ruiru kwenda Nairobi utapita Kahawa Wendani na Kahawa Sukari. Kahawa imebaki katika jina. Kituo cha utafiti kilichotupa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985 kingalipo, lakini mashamba mengi kukizunguka yamekuwa nyumba, na mji mpya wa Tatu umesimama palipokuwa na mibuni. Silaumu, watu wahitaji pa kulala, nami mwenyewe naishi juu ya ardhi iliyokuwa shamba. Lakini mbayuwayu ahitaji mahali pa wazi penye wadudu, maji, na matete ya kulala usiku, kwa kuwa jioni hukusanyika makundi makubwa wakashuka matetini pamoja. Ukitaka kuwaona vizuri nenda kwenye mabwawa ya maji taka ya Thika. Harufu si nzuri, ila mbu ni wengi, na mbele ya mbayuwayu hiyo ni karamu. Mabonde yenye matete twayafukia kila mwaka. Huko Afrika Kusini, karibu na Durban, palikuwa na matete waliyolala mbayuwayu wapatao milioni tatu, na uwanja mpya wa ndege ukapangwa kando yake. Watu walisema sana. Mwisho uwanja ulifunguliwa 2010 ukiwa na rada ya kuwaonyesha waongozaji kundi linapotua jioni, ili eropleni zingoje. Matete yakabaki. Inawezekana basi, watu wakitaka kukaa wakazungumza.

Ninayo kalenda ya kanisa ya mwaka huu ukutani katika ofisi yangu. Ya mzee iko chumbani mwake, pamoja na nyingine za miaka ya nyuma ambazo hataki zitupwe. Katika kila moja ametia duara kwa kalamu siku alipomwona mbayuwayu wa kwanza akirudi. Nyingi ni za juma la pili au la tatu la Septemba. Jana jioni nilimkuta amekaa kwenye benchi karibu na geti, anawahesabu walio juu ya waya. Alipata 62. Juzi, akasema, walipita mia. Wameanza kwenda.

Akaniambia macho yake hayaoni mbali kama zamani, basi Septemba nimsaidie kutazama, na nitakayemwona wa kwanza nimwite kabla sijaandika mimi. Nimekubali.